Gauni la Bluu kwenye Filamu ya Eksirei

Maji ndiyo yaliyonichosha katika kazi ya picha. Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi studio hudhani nilikaa kitini nimejipaka poda, nikiwaambia wateja wacheke. Mimi nilikuwa mbeba debe. Picha ikitoka kwenye dawa inataka kusuuzwa na kusuuzwa tena, la sivyo itageuka manjano kabla mwenyewe hajaitia kwenye fremu, na Manyoni ya miaka ile maji yalikuwa ya kupangia foleni kama vitu vingine vyote. Nilisimama kisimani na wanawake wenzangu waliotaka maji ya kupikia ugali, nami nataka ya kuoshea sura za watu. Walinitania mpaka wakachoka. "Leo unamwogesha nani, mwenzetu?" waliuliza, nami nikajibu kwamba leo ni zamu ya karani wa stesheni na mkewe, nikajitwisha debe langu nikaondoka.

Studio ilikuwa ya mume wangu. Kabla yake ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyemfundisha kazi, ambaye alikuja kufunga duka, akauza alichoweza kuuza, akaenda zake. Alimwachia mume wangu kile ambacho hakikupata mnunuzi: kamera kubwa ya mbao ya miguu mitatu, yenye mfuko wa ngozi unaokunjuliwa mbele, na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Kamera ile haikutumia filamu ya mkanda. Ilitaka kipande kimoja cha filamu kwa picha moja, kipana kama daftari la shule. Mume wangu alipiga, mimi nilikaa chumba cha giza nikasafisha na kuchapa, na picha zikikauka nilizitia rangi kwa mkono kwa wale waliotaka za rangi: mashavu, midomo, maua ya kanga. Hiyo ya kutia rangi ndiyo kazi niliyoipenda, kwa sababu niliifanya nimekaa.

Kisha vitu vikaanza kuadimika. Sabuni, mafuta ya taa, nguo, sina haja ya kusimulia, aliyekuwepo anajua. Filamu nazo zikatoweka. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikipita, mume wangu alikwenda stesheni kumtafuta mtu aliyemwagiza, akarudi mikono mitupu, amevuta mdomo, akakaa kwenye kiti cha wateja akitazama pazia lililochorwa bustani ya maua ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Nilimwacha akae. Mimi nilikuwa na watoto, shamba la uwele na foleni zangu.

Iliyotutoa hapo ni hospitali moja ya misheni. Walimwita mume wangu awapige picha ya jengo jipya la wazazi, naye akawaambia kwa aibu kwamba hana filamu. Mganga wa hospitali akamjibu kwamba yeye anazo makasha mazima. Mashine yao ya eksirei ilikuwa imeharibika, wanasubiri kipuri kutoka Ulaya, na filamu zake zilikuwa zinazeeka kabatini. Kama zinafaa, achukue. Mume wangu alirudi na makasha mawili kwenye baiskeli, anacheka peke yake njiani, mpaka watu wakadhani amelewa.

Zilifaa, lakini kwa taabu. Filamu ya eksirei imepakwa dawa pande zote mbili, na dawa yenyewe ni laini, ukiigusa vibaya unaacha mkwaruzo. Uso wa mtu unatoka na mistari kana kwamba amepita kwenye miiba. Nilikata kucha zangu mpaka karibu na nyama. Niliweka kipande cha kioo ndani ya sinia la dawa ili filamu iteleze juu yake, isikwaruzwe. Nilizikata kwa wembe, moja moja, ziingie kwenye kamera. Kitu kizuri kimoja ni kwamba filamu ile haioni nyekundu. Niliruhusiwa kuwasha taa ya chemli iliyofunikwa karatasi nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikasafisha filamu naiona mikono yangu.

Hiyo ya kutoiona nyekundu ilikuwa na ubaya wake. Kanga nyekundu ilitoka nyeusi. Sura zetu zilitoka nyeusi kuliko zilivyo, na wateja wakalalamika kwamba tumewaunguza. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuja amevaa shati lake la kijani, nalo likatoka jeusi tii. Aliishika picha kwa muda, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Ni filamu ya hospitali, ndugu mwenyekiti," mume wangu akamwambia. "Imezoea wagonjwa."

Mwenyekiti akacheka, akaichukua. Wengine waliogopa kwamba tutawatoa mifupa, na mume wangu, kwa utani wake usio na kazi, aliwaambia wanaotaka mifupa waseme mapema. Basi tukaendelea hivyo. Tulijua nyekundu inakuwaje, na kijani, na manjano. Bluu hatukuijua, kwa sababu ilitokea tu kwamba hakuna aliyekuja kupigwa picha amevaa bluu. Mbingu tuliziona kila siku kwenye picha zimetoka nyeupe, wala hatukujiuliza.

Sasa niseme habari ya mdogo wangu.

Alikuwa wa mwisho kwa mama, na alishika mimba kabla ya ndoa. Nalisema wazi kwa sababu lilisemwa wazi, kisimani, shambani, na kwa sauti ya chini kanisani. Mwenye mimba alijulikana na hakukimbia. Alikuwa kijana wa gengi la wafanyakazi wa reli, mpole, na ng'ombe walishafika zizini kwetu. Kwa mama mwingine mambo yangeishia hapo. Mama yetu alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, ndiye aliyewafundisha mabinti wa wenzake namna ya kujitunza, na sasa wenzake walimwangalia kwa huruma, kitu ambacho hakuwahi kukivumilia.

Kijijini kwetu, upande wa Ikungi, kanisa lilikuwa na sheria moja isiyobembelezwa. Bibi harusi mwenye mimba havai nyeupe, havai shela, na hapigiwi kengele. Anafungishwa ndoa siku ya kazi, asubuhi, kwa nguo ya rangi, ili kila mtu ajue. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani kulisema hilo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maziwa, akamsindikiza hadi njiani. Kesho yake alikwenda mwenyewe duka la ushirika, akapanga foleni kutwa nzima, akarudi na kitambaa cha bluu, kile cha kushonea sare, ndicho kilichokuwepo. Alikitupa kitandani kwa mdogo wangu bila kusema neno.

Neno hakulisema tangu alipopata habari. Kila asubuhi mdogo wangu alipiga goti, akasema, "Shikamoo, mama," na mama akaendelea kupepeta uwele. Ukitaka kujua ukubwa wa hasira ya mama yangu, usiulize kama alipiga au alitukana. Aliiacha shikamoo ya mtoto wake bila kuiitikia, miezi yote ile. Na mdogo wangu hakuacha kuitoa, asubuhi na jioni, na akimaliza huinuka akaendelea na kazi. Nilipokwenda kuwasalimu niliyaona hayo kwa macho yangu.

Ukutani kwa mama kulikuwa na misumari miwili. Mmoja ulishika picha yangu ya harusi, iliyopigwa kwa filamu halisi ya enzi za yule Mhindi, gauni jeupe la kuazima na shela mpaka chini. Wa pili mama aliupigilia siku ile ile alipoitundika yangu, kwa ajili ya mdogo wangu, naye alikuwa bado msichana wa shule. Ulikaa mtupu, na akina mama walipokuja kwa maombi ya jioni walikaa wameukabili.

Harusi ilikuwa Jumatano. Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu aje na kamera, kwa sababu mtu anaolewa mara moja, kengele ipigwe isipigwe. Tulipanda lori na ile miguu mitatu tumeifunga kwenye mkeka. Mdogo wangu alitembea toka nyumbani hadi kanisani amevaa bluu, na kichwani amejifunga kipande cha kitambaa kile kile kilichomshukia mabegani. Watu walitoka mlangoni kumtazama. Hakuinamisha kichwa na hakukiinua, alitembea kama mtu aliyetumwa dukani. Mama alitembea nyuma yetu, mbali kidogo. Baada ya ibada mume wangu aliwasimamisha maharusi nje, kwenye kivuli cha ukuta, nami nikampa mdogo wangu shada la maua ya karatasi ayashike mbele ya tumbo. Mume wangu akapiga vipande viwili vya filamu, tukarudi Manyoni.

Kesho yake nilijifungia na chemli yangu. Kwenye negativu mambo hugeuka, cheupe kinakuwa cheusi na cheusi kinakuwa cheupe, na aliyezoea huisoma hivyo hivyo bila kufikiri. Nilitegemea gauni lije kijivu, kama nguo yoyote ya rangi. Likaja kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya ukuta, kabla ya sura zao, likaja jeusi, likazidi kuwa jeusi, na kile kitambaa cha kichwani nacho kikashuka cheusi mpaka mabegani. Nikaitia kwenye dawa ya pili, nikafungua mlango.

"Baba watoto, bibi harusi alivaa nini jana?"

"Bluu. Si ulikuwepo?"

"Filamu inasema nyeupe."

Alikuja, akaiinua kwenye mwanga, akaanza kucheka. Ndipo akasema, "Mbingu." Bluu kwa filamu ile ni nyeupe. Kila picha tuliyopiga nje ilikuwa imetuambia, nasi tuliangalia sura na viatu. Nilichapa picha ile nikiwa nimechoka. Ilitoka harusi nyeupe kabisa. Gauni jeupe lisilo na hata mkunjo, shela ya kushuka mabegani, maua, bwana harusi na suti yake ya kuazima. Ukiiweka pembeni ya yangu, ya mdogo wangu ilikuwa nzuri zaidi.

Niliipeleka nyumbani kwa mama, nikampa mdogo wangu kwanza. Aliitazama, akasema, "Huyu nani?" Akacheka kidogo, akanirudishia. Mama alikuwa nyuma ya nyumba. Alifuta mikono kwenye kanga, akaichukua, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, akakaa chini na miguu ameinyoosha. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya filamu na rangi. Hakuniuliza lolote. Alilia, machozi yakimtiririka bila sauti, kisha akainuka akaenda kuitundika kwenye msumari.

Asubuhi mdogo wangu alipiga goti kama kawaida. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema. "Umeamkaje?"

Mdogo wangu akaweka ndoo chini, akamjibu kwamba ameamka salama. Nilifurahi, sifichi. Niliporudi Manyoni na kumsimulia mume wangu, alisema filamu ile hatimaye imefanya kazi ya hospitali.

Mtoto alizaliwa, msichana, na mama ndiye aliyemwogesha wa kwanza. Baba yake alikuwa anahamishwa na gengi lake, leo Itigi, kesho kwingine, kwa hiyo mdogo wangu alibaki karibu na mama. Kule studio maharusi wengine wawili watatu walikuja na magauni ya bluu na maua ya karatasi. Hatukuwauliza wamesikia wapi. Kisha kipuri cha mashine kikafika, hospitali ikazitaka filamu zake, na makasha yetu yakaisha.

Ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Wa kwetu walipakiwa kwenye malori, nyumba zao za tembe zikaachwa zibomoke, wakashushwa kando ya barabara kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Mama alikataa kuiweka picha ile kwenye mizigo, aliipakata safari nzima. Yangu ilisafiri ndani ya sufuria. Alipojengewa nyumba, misumari ilipigiliwa kabla ya mlango kupata bawaba. Majirani walikuwa wapya, wametoka kila upande, wengine Waislamu, wengine wa makanisa mengine, na kati yao hakuna aliyekuwa ametoka mlangoni Jumatano ile. Mzee wetu wa kanisa na waumini wengi walipelekwa kijiji kingine. Mama alianza maisha upya, na ushahidi wake ukutani.

Miaka ilipita. Siku moja mdogo wangu alishuka kwenye lori Manyoni na mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa, anakaribia kuandikishwa shule. Alimteremsha, akamwambia akacheze na wa kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya ile bustani ya kuchorwa.

"Dada," akasema, "mtoto ameniuliza yeye ni wa nani."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Jirani mmoja, mwanamke mwema asiye na nia mbaya, alikuwa ameisifu picha kwa mama. Akauliza harusi ilikuwa lini. Mama akamwambia, kwa kuwa yeye ni mtu wa kanisa na hajui kudanganya kwa haraka. Kisha jirani akamtazama mtoto, akauliza alizaliwa msimu gani, kwa sababu naye ana mtoto wa rika hilo. Mama akabanwa. Kulikuwa na gauni jeupe ukutani na mtoto aliyezaliwa mapema mno mbele yake, na vitu hivyo viwili havikukaa nyumba moja. Akasema mtoto si wa binti yake. Ni wa upande wa mume, wamemchukua kumlea.

"Nilimwambia mama arudi kwa yule jirani akaseme kweli," mdogo wangu akasema. "Amenijibu ni maneno ya kupita tu, yatasahaulika. Sasa wanawake wote wanamwita mtoto wa kulea. Jana alikataa uji. Alisema aliyekuja kulelewa hapaswi kula sana."

Nilikaa chini, juu ya debe.

"Ile bluu niliivaa mimi," akaendelea. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ya mtu aliyechoka kabla ya kuanza. "Nilitembea nayo barabara nzima wakinitazama. Nilishamaliza, dada. Hakuna aliyebaki na la kunidai. Halafu picha yenu ikanivua, na sasa mtoto ndiye anayelipa. Naomba ulitie rangi lile gauni."

Nilimwambia anipe siku mbili. Ukweli ni kwamba chupa zangu za rangi zilikuwa zimekwisha zamani, nimebaki na nyekundu ya midomo na manjano ya kukwangua. Bluu haikuwepo studio, haikuwepo madukani. Nilichokuwa nacho ni kijipande cha buluu ya kufulia, nilichokifunga kwenye nailoni na kukificha kama dhahabu. Mama ndiye aliyetufundisha kuitumia tulipokuwa wasichana, kidogo tu kwenye maji ya mwisho, ili nguo nyeupe zing'ae. Nikachukua hicho, na pamba, na vijiti, tukapanda lori.

Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba akimenya karanga kwenye ungo. Tulipiga goti, tukamsalimu, akaitikia. Aliona mdogo wangu akiingia ndani na kutoka na fremu, akaona mimi nikitoa kile kifurushi, akaelewa. Mama hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Mnataka wanicheke tena," akasema.

Alikuwa amezeeka. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea, na hasira pia nilikuwa nayo, vyote kwa pamoja, na safari ilikuwa imenimaliza.

"Mama," mdogo wangu akasema, "wakikucheka wewe, una miaka yako na umeona mengi. Huyu ana miaka mingapi?"

Mama akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa amesimama mbali kidogo na sisi, kwenye jua, hajui kama ameitwa kukaa kivulini au hapana. Zamani angekuja moja kwa moja na kujitupa mapajani kwa bibi yake. Mama aliangalia hilo, kisha akarudisha macho kwenye ungo, akaendelea kumenya. Hakusema ndiyo. Mdogo wangu akaitoa picha kwenye fremu, akanikabidhi.

Nilisaga buluu kwenye kisosi, nikaidondoshea maji, nikaweka picha juu ya kinu kilichopinduliwa. Kutia rangi kunataka mkono mwepesi. Unaanza na hafifu, unaacha ikauke, unaongeza. Nilianzia chini, kwenye pindo, nikapanda taratibu. Nilikuwa naogopa kuligusa shada, kwa hiyo nilipolifikia nilizunguka kila ua kwa kijiti. Kuku walikuja kuangalia kama kuna cha kula wakaondoka. Mtoto naye alisogea hatua kwa hatua, mpaka akachuchumaa karibu na kinu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini unampaka mama rangi?"

"Kwa sababu gauni lake lilikuwa la rangi hii."

"Bibi alisema lilikuwa jeupe."

Nikaendelea na kazi. Sikutaka kumwangalia mama. Nilisikia maganda ya karanga yakivunjika, kisha sikuyasikia tena. Nilimaliza mabega, nikamaliza kitambaa cha kichwani, nikaiinua picha ili mdogo wangu aione. Ilikuwa bluu hafifu, ya asubuhi. Mdogo wangu akaikubali kwa kichwa.

"Sivyo," mama akasema.

Tukageuka. Alikuwa ameweka ungo chini. Alinyoosha mkono nikampa picha, akaisogeza mbali na macho yake kama wanavyofanya wazee, akaitazama muda mrefu.

"Haikuwa hivi," akasema. "Ilikuwa imekolea. Mimi ndiye niliyesimama foleni, nakijua kile kitambaa." Akanirudishia. "Ongeza."

Mtoto alikuwa akimtazama yeye sasa, si picha.

"Bibi, kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Mama akamvuta mkono akamkalisha mapajani, mguu huku na mguu huku, kama alivyokuwa akimkalisha zamani. Kwa kidole chenye vumbi la karanga akagusa yale maua ya karatasi, mahali ambapo nilikuwa sijapaka. "Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa hapa, tumboni mwa mama yako, nyuma ya haya maua."

Nikachovya pamba tena kwenye kisosi, nikaongeza.